Simu Kumi na Moja Kabla ya Sala Moja

Ipo Alhamisi moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo unanienda mbio, kana kwamba bado nimesimama Kinyinya kwenye tope, simu mbili mkononi. Wazee wenzangu wakikaa na vijana hupenda kusimulia jinsi walivyokuwa na busara tangu utotoni. Mimi siwezi. Nitakusimulia jinsi nilivyokuwa mjinga, kwa sababu ujinga ule ulinifundisha kitu kimoja ambacho nimekishika kuliko vyote nilivyosoma darasani, na kila nikikisimulia nafurahi upya. Kaa vizuri, na hiyo simu yako iweke chini kidogo. Nitaisema baadaye, usinune mapema.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na wazazi wangu ni Wanyarwanda. Tuliporudi Kigali nilikuja na Kiswahili kingi, Kinyarwanda cha kuokoteza, na ufundi wa kujenga niliofundishwa na mjomba. Jiji lilikuwa linainuka kwa kasi. Kinyinya mnayoiona leo imejaa nyumba mpaka kileleni, wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na maharage, nyumba moja huku, nyingine kule, na tingatinga likichonga kilima. Mimi nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi. Nilikuwa na mafundi sita chini yangu, pamoja na wayede kumi na wawili, wale vibarua wanaobeba mawe, mchanga na maji. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Nilikuwa nakwenda kazini na shati jeupe. Sasa niambie, nani anavaa shati jeupe mahali pa simenti? Ni kapita tu ambaye hataki mtu asahau kwamba yeye ndiye kapita.

Nyumba tuliyokuwa tunajenga ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara aliyekulia Kampala, na wakati tunajenga alikuwa amepanga Nyarutarama. Kiwanja chake kilikuwa kwenye mteremko, kama viwanja vyote vya kwetu. Unajua mwenyewe, Kigali huwezi kujenga nyumba bila kwanza kuutuliza mlima. Tulichimba juu, tukajaza udongo chini ili uwanja uwe sawa, na upande wa chini tukasimamisha ukuta wa mawe wa kuuzuia ule udongo, urefu wake mara mbili ya kimo cha mtu. Chini kabisa ya ukuta huo, hatua chache tu, palikuwa na jiko la mukecuru Konsolata. Mukecuru ndivyo tunavyomwita bibi aliyekula chumvi nyingi, kwa heshima. Aliishi peke yake na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo, na kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akichambua maharage.

Ukuta ule aliujenga mzee Laurenti, fundi wa mawe aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa rozari mfukoni. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuacha hata siku moja. Kila baada ya hatua mbili alipitisha kipande cha bomba katikati ya mawe, kikatokeza upande wa pili, ili maji ya mvua yanayoingia kwenye udongo wa nyuma yapate pa kutokea. Udongo ukinywa maji ukakosa pa kuyatemea unakuwa mzito, na uzito wote unaegemea ukuta. Hilo hata mjomba wangu alinifundisha.

Utaratibu wake mwingine ndio ulionichekesha. Asubuhi, kabla mtu hajachanganya simenti, mzee Laurenti alivua kofia, akashika mwiko na timazi yake, akaanza kumweleza Mungu kazi ya siku hiyo, kwa sauti, kama anavyomweleza fundi mwenzake.

"Mungu wangu, leo tuko kwa kona ya kushoto. Ile kona iko nanisumbua tangu jana, jiwe haikai. Uniangalie."

Siku moja nilimtania mbele ya wayede. "Mzee, Mungu ana mbingu nzima ya kuangalia, na wewe unampa kona ya kushoto?"

Hakukasirika. Alirudisha kofia kichwani, akasema, "Mimi nampatia yote, kapita. Sijui gani ni kubwa, gani ni ndogo. Yeye ndo anajua."

Wayede walicheka upande wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawaandika majina asubuhi. Usifikiri nilikuwa mpagani, mwanangu. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya besi, Jumapili natoka jasho mpaka tai inalowa. Lakini Mungu wangu alikuwa wa Jumapili na wa mambo mazito: magonjwa, mazishi, safari ndefu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi niliona ni kazi yangu mimi, na simu zangu mbili.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumamosi moja mzee Laurenti alikwenda kwenye harusi ya ndugu yake, na mama mwenye nyumba alinipigia kwamba kesho yake, baada ya ibada, ataleta wakwe zake kutoka Kampala waione nyumba. Nikashuka kuuangalia ukuta. Tulikuwa tumeupiga plasta, unang'aa, lakini kutoka kwenye kila kipande cha bomba ulikuwa unashuka mchirizi wa maji ya kahawia, umechafua plasta yangu mpya. Niliona aibu. Nikawaona kichwani wakwe wa Kampala wakiuangalia ukuta wangu na kunong'ona. Basi nikachukua mwiko mwenyewe, nikaziba yale matundu kwa simenti, moja baada ya jingine, nikapiga plasta juu, nikalainisha. Ukuta ukawa laini kama wa benki. Jumapili wakwe walikuja, wakasifu, mama mwenye nyumba akaniita "inginia" mbele za watu, na mimi nikalipokea hilo jina bila kusita.

Jumatatu mzee Laurenti alirudi, akasimama mbele ya ukuta.

"Kapita, matundu iko wapi?"

"Nimeyahamisha, mzee," nikamwambia. "Nimelaza bomba kubwa kule nyuma, linatoa maji upande wa barabara."

Hakukuwa na bomba lolote. Aliniangalia kidogo, halafu akaondoka kwenda kushughulikia ngazi, kwa sababu kapita akisema amesema. Usiku ule mvua kubwa ilianza. Ikanyesha Jumanne. Ikanyesha Jumatano, ile mvua ya kwetu inayokwenda kunywa chai na kurudi.

Alhamisi nilifika saa moja asubuhi. Mzee Laurenti nilikuwa nimemtuma Nyabugogo tangu alfajiri akachague marumaru za sakafu, maana kule usipowahi unauziwa zilizopasuka. Nikashuka kuangalia ukuta. Katikati ulikuwa umetoa tumbo. Nikavuta kamba toka mwisho mmoja hadi mwingine, nikapima: vidole vinne. Juu ya tumbo palikuwa na ufa ambao kucha inaingia. Na pale chini, hatua chache, moshi unatoka jikoni kwa mukecuru Konsolata, yeye yuko kwenye kigoda chake, ungo mapajani.

Akaniona. Akanipungia mkono, akaniamkia, "Mwaramutse." Nikampungia na mimi, nikamwitikia. Kisha nikatoa simu.

Mwanangu, nilipiga simu siku ile. Nilimpigia inginia mmoja niliyesoma naye, akasema huo ni msingi, ongeza nguzo. Nilimpigia binamu yangu muuza simenti, akasema nichukue ile inayokauka haraka, anayo. Nilimpigia dereva mmoja wa Nyarutarama ambaye bosi wake alikuwa mkandarasi, bosi akasema niegemeze miti. Nilimpigia hata mwenyekiti wa kwaya yetu, tena si kwa maombi, nilimpigia kwa sababu shemeji yake ana lori la mawe. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile: "Kwani imekuwaje?" Na kila mmoja nilimjibu jibu lile lile: "Sijui kwa nini, umevimba tu." Watu kumi na moja. Wote walikuwa watu wazuri, wote walitaka kunisaidia, na wote walinishauri juu ya ukuta ambao haukuwepo, kwa sababu ukuta wenye matundu yaliyozibwa sikumwambia mtu.

Na nilifanya yote waliyosema, tena mbio. Nilituma watu wakalete miti. Tukaingia uani kwa mukecuru, tukaanza kuegemeza. Akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu, mama," nikamwambia. "Tunauimarisha tu. Endelea na kazi yako."

Akaendelea. Hilo neno nililitamka kwa mdomo wangu, na nitalijibu siku ya mwisho.

Mzee Laurenti alirudi kutoka Nyabugogo kama saa sita, boksi za marumaru kwenye pikapu. Alishuka, akaona miti, akaona ukuta. Hakuninyooshea kidole.

"Kapita, ukuta iko na mimba."

"Nimeona, mzee. Nimeshapiga simu."

"Umepigia nani?"

Nikamhesabia: inginia, binamu, dereva, mkandarasi, mwenyekiti wa kwaya, wote. Nilijivuna hata, kwa jinsi nilivyohangaika. Alisubiri nimalize.

"Na Mungu?"

Nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo kijana hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Nilimwambia sasa si wakati wa kanisa, nina ukuta unaanguka, yeye analeta habari za rozari. Wayede walisimama na makarai vichwani, wakitusikiliza. Mzee akavua kofia, mvua ikimnyeshea kwenye upara.

"Dakika mbili tu, kapita. Enda pale nyuma ya mchanga. Umweleze vile iko. Vile iko kabisa."

Nilikwenda, nikwambie ukweli, ili anyamaze. Nikasimama nyuma ya lundo la mchanga. Kupiga magoti sikutaka, suruali ilikuwa ya kitambaa. Nikafumba macho, nikaanza kwa haraka kama mtu anayeagiza mzigo: "Mungu, nina shida ya ukuta. Umevimba, na sijui..."

Hapo nikakwama.

Neno lile nilikuwa nimelisema mara kumi na moja asubuhi ile na lilikuwa linateleza kama sabuni. Sasa halikutoka. Nilijaribu tena. "Mungu, sijui kwa nini..." Koo likakataa. Maana yule niliyekuwa namwambia alikuwepo Jumamosi. Aliniona na mwiko mkononi. Unaweza kumwambia inginia hujui, unaweza kumwambia binamu hujui, lakini umwambieje aliyekuwa amesimama kando yako?

Basi nikasema vile ilivyo. "Niliyaziba matundu mimi. Niliyaziba ili nisifiwe. Nimemdanganya mzee Laurenti." Na jambo la tatu likatoka lenyewe, sikulipanga: "Na mama yuko chini."

Mwanangu, sikusikia sauti toka mbinguni. Sikuona mwanga. Lakini nilipoyasikia maneno yale ya tatu masikioni mwangu, kichwa changu kilifunguka kama dirisha. Asubuhi nzima nilikuwa nahangaika kuokoa ukuta. Watu kumi na moja niliwaomba wanisaidie kuokoa ukuta. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba chini yake kuna mtu. Miguu ilianza kukimbia kabla sijasema amina.

"Mzee, niliyaziba matundu," nikamwambia nikimpita. "Hakuna bomba. Niliziba yote."

Nilitegemea anipige, na angekuwa na haki. Alifumba macho mara moja tu. "Basi wewe toa mama," akasema. "Mimi niko juu." Akawachukua mafundi na majembe wakapanda nyuma ya ukuta, wakaanza kuchimba mtaro wa kuyageuzia maji barabarani.

Mimi nikaingia uani kwa mukecuru na wayede wanne. Nikamwambia atoke. Akanitazama na ungo wake.

"Asubuhi umeniambia hakuna kitu."

"Nilikudanganya, mama. Ukuta niliuharibu mimi. Unaanguka. Tafadhali, twende."

Alinyanyuka. Hakubishana. Alitupa kanga begani, lakini badala ya kuelekea njiani akaelekea kwenye zizi. "Bila Bihogo siendi," akasema. Na hapo ndipo nilipopata tabu, kwa sababu Bihogo naye alikuwa na msimamo wake. Nilishika kamba nikavuta. Wayede wakasukuma nyuma. Yule ng'ombe alikita miguu yote minne kwenye tope, akakaza shingo, macho yamemtoka. Tukavuta, tukapiga kelele, kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyokaza. Vijiwe vilianza kudondoka toka kwenye ufa. Nilivisikia vikigonga bati la jiko, kimoja, halafu viwili, halafu vingi.

"Mwache," mukecuru akasema. "Ng'ombe havutwi kama gunia."

Akaninyang'anya kamba. Akaweka kiganja shingoni mwa Bihogo, akaanza kumsifu kwa Kinyarwanda cha wazee, kile ambacho mimi wa Karagwe nilishika nusu tu: jinsi anavyotembea, jinsi pembe zake zilivyoachana, mama yake alikuwa nani na nani alimpa nani. Taratibu, kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko malishoni na kutwa nzima ni yetu. Juu yetu ukuta ulikuwa unalia, ile sauti ya jiwe kusagana na jiwe, na huyu mama anamwambia ng'ombe wake kwamba yeye ni binti wa watu. Nilitaka kupiga mayowe. Bihogo akashusha shingo. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili. Tukatoka uani kwa mwendo wa bibi harusi, mimi nyuma nikihesabu hatua moja moja, mpaka kamba ikafika barabarani.

Wakati huo huo nikasikia kelele huko juu. Mzee Laurenti alikuwa ameyafungua matundu mawili ya mwisho wa ukuta kwa tindo, na maji yalikuwa yanaruka mbali kama mkojo wa fahali, maji ya kahawia, kwa nguvu ambayo sijaiona tena. Wayede wakashangilia. Na mimi nikashangilia. Tulifikiri tumeuokoa. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyoisimulia.

Ilikuwa kama saa tisa kasoro tumbo lilipopasuka. Halikuwa na haraka. Lilitoka mbele, likainama, halafu mawe yote ya katikati yakashuka na udongo juu yake, yakafunika jiko, miti, zizi, kila kitu. Ardhi ilitikisika chini ya viatu vyangu. Halafu pakawa kimya, ikasikika mvua peke yake. Tukahesabiana kwa kuitana majina. Waliokuwa juu wote waliitika. Waliokuwa chini wote tulikuwa barabarani. Hakuna aliyekwaruzwa, hata ng'ombe.

Mukecuru Konsolata alikuwa ameshika kamba, anatazama pale kilipokuwa kigoda chake.

"Maharage yangu," akasema. "Yalikuwa yamekaribia kuiva."

Akaanza kucheka. Na mimi nikaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kicheko, nikamkumbatia yule mama na shati langu ambalo halikuwa na weupe wowote tena. Nilifurahi, mwanangu. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua nasema hivyo. Ukuta umeanguka, kazi nimeipoteza, jina limekwisha, na mimi nimesimama kwenye tope namshukuru Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wanasimama. Nilikuwa nimemwomba juu ya ukuta. Ukuta hakunipa. Alinipa mtu, na nikamwona mtu huyo ana joto, anapumua, ananuka moshi wa jikoni kwake.

Tulipotulia ndipo aliponiuliza, bila hasira yoyote, kama anayeuliza saa.

"Wewe ulijua tangu saa ngapi?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena siku ile. "Saa moja, mama."

Alimpapasa Bihogo shingoni. Kisha akasema, "Nilikupungia mkono."

Basi. Nimehubiriwa na maaskofu, mwanangu, nimekaa semina za siku tatu, na hakuna mahubiri yaliyoniingia kama yale. Toka saa moja hadi saa sita, masaa matano, yule mama alichambua maharage yake chini ya ukuta wangu, na mimi nilikuwa kwenye simu. Dakika mbili nyuma ya mchanga ndizo zilizomtoa. Na zile dakika mbili zilikuwepo saa moja asubuhi. Hazikuhitaji inginia wala lori. Hazikuhitaji hata mvua ipungue.

Mama mwenye nyumba alifika jioni ile ile. Nilimweleza vile ilivyo, kabla hajauliza. Aliniondoa ukapita, na alifanya vizuri. Akampa mzee Laurenti. Mzee akaniuliza kama nataka kubaki, nikasema nabaki, nikawa yede, nikabeba mawe ya ukuta ule ule niliouangusha. Lakini kwanza tulimjengea mukecuru jiko la matofali na zizi, tukalisogeza mbali, kabla hatujagusa kitu kingine. Na asubuhi ya kwanza ya kazi, mzee alipovua kofia, na mimi nilivua ya kwangu. Wayede wenzangu walicheka. Niliona ni haki yao.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukalisha hapa. Ninyi vijana wa sasa mna simu ambayo nikilinganisha na zangu mbili za zamani najionea huruma. Unaiuliza swali, inakujibu. Unaandika shida yako kwenye kundi la marafiki, kabla hujanywa maji wamekujibu kumi na tano. Siikatazi. Mimi mwenyewe bado nampigia yule inginia, ni mtu mzuri, na siku hizi namwambia ukweli. Ninachokuomba ni mpangilio tu. Ukigombana na mwenzako nyumbani, bosi akikuita ofisini, mtihani ukikushinda, mwenye nyumba akikutolea macho, bomba la jikoni likipasuka, usianze na simu. Anza na Mungu. Usimwekee akiba ya magonjwa na mazishi. Mpe kona ya kushoto.

Wala usidhani nakwambia hivyo kwa sababu atakufanyia miujiza na kuta zako hazitaanguka. Wangu ulianguka mbele ya macho yangu. Nakwambia hivyo kwa sababu watu watakusaidia kwa kadiri ya ulichowaambia, na sisi binadamu hatuambiani yote. Tunapunguza. Tunajitoa kwenye habari. Kwa Mungu huwezi kujitoa, alikuwepo. Ukisimama mbele yake ukasema jambo vile lilivyo kabisa, wewe mwenyewe ndiwe utakayelisikia kwa mara ya kwanza. Na ukishalisikia, mara nyingi utakuta shida yako haikuwa ile uliyokuwa unaipigia simu. Utakuta kuna mtu pale chini, anaendelea na kazi yake, anakuamini kwa sababu ulimwambia hakuna kitu. Huyo ndiye wa kukimbilia. Simu itangoja. Inginia atangoja. Ukuta wenyewe uache uanguke ukitaka.

Na ikiwa hivi sasa, ninavyosema, kuna jambo unalijua na hujalisema, usikae hapa kwa adabu ukinisikiliza mpaka mwisho. Ondoka tu, sitakasirika. Nenda nyuma ya mchanga wako.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na kazi ya mikono yako. Akupe koo linalokataa uongo mbele zake, na miguu myepesi ya kufuata unachokisikia kinywani mwako mwenyewe. Walio chini ya kuta zako awatunze hata siku utakazokuwa umewasahau. Na akuwahi mapema kuliko alivyoniwahi mimi: saa moja asubuhi, mkono wako ukiwa bado haujafika mfukoni.